Zahanati inatafuta tabibu, tabibu anatafuta kazi

TAHARIRI

Makamanda, kabla hujaendelea kusoma fanya jambo moja. Fikiria zahanati iliyo karibu na kwenu, iwe ya kijiji au ya mtaa, halafu hesabu watumishi unaowajua pale. Tabibu mmoja. Manesi wawili, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Yule dada wa mapokezi ambaye ndiye huyo huyo anayegawa dawa dirishani. Umemaliza? Sasa chukua mwongozo wa ikama wa Wizara ya Afya, ule wa 2014 hadi 2019, uone unasemaje: zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, kituo cha afya wasiopungua 39. Kuanzia Leguruki mpaka Oldonyosambu, anayejua zahanati ya kijiji iliyotimiza hao 15 atuandikie, tutaenda kupiga nayo picha.

Nusu ya pili ya hesabu hiyo haiko zahanati. Iko kijiweni Sakina, iko kwenye bodaboda Usa River, iko nyuma ya kaunta ya duka la dawa Ngarenaro. Ni vijana wenye diploma ya utabibu, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na kazi hawana. Wilaya moja ina mgonjwa asiye na tabibu na ina tabibu asiye na mgonjwa, na katikati yao kuna kibali cha ajira ambacho hakijasainiwa Dodoma. Tunalisema leo kwa sababu kila matokeo ya form four yakitoka swali la machalii linarudi lile lile: nikasome utabibu?

Jibu letu ni ndiyo, kasome. Ila nenda ukiwa umeshapiga hesabu yote, mpaka mwisho wake, maana kikwazo kikubwa cha kazi hii hakiko darasani.

Kwanza tuelewane majina, kwa sababu watu wanayachanganya. Tabibu si nesi, na wala si daktari mwenye digrii. Ni yule anayekupokea, anakusikiliza, anakupima, anaandika dawa, na ndiye anayeamua kama urudi nyumbani au upewe rufaa uende Hospitali ya Mount Meru. Enzi za mkoloni kulikuwa na dresa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilipoamua kupeleka huduma vijijini, ikasomesha kwa wingi waganga wasaidizi wa vijijini, wale ambao wazee wetu mpaka leo wanawaita RMA. Juu yao alikuwepo mganga msaidizi, Medical Assistant kwa lugha ya vyeti vya wakati ule, na huyo ndiye tabibu wa leo. Nenda Poli au Akheri ukamuulize mzee yeyote nani alimtibu malaria utotoni. Uwezekano mkubwa atakutajia mtu wa kada hii, kwa jina, na atakwambia alikaa nyumba ipi.

Kuingia chuoni si muujiza. Unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne ya form four yasiyo ya dini, na ndani yake wawepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza vinahesabiwa kama nyongeza nzuri. Kozi ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, na ukimaliza ya 6 una diploma. Anayeishia ngazi ya 5 anakuwa tabibu msaidizi. Chuo chochote unachotaka kulipia ada, hakikisha kimo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET cha mwaka huo, na kozi yenyewe iwemo, maana jina la chuo kuwepo halitoshi. Usilipe kwa sababu ya bango zuri pale stendi au kwa sababu mjomba anamfahamu mkuu wa chuo. Ukishamaliza, kuna usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila huo hutakiwi kumgusa mgonjwa, hata kama unajua dawa zote za kwenye kabati.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wengi wa shule zetu hawalisemi, na linawaumiza watu baadaye. Dogo anapata F ya Hesabu, anaingia utabibu bila shida, anasoma vizuri, anamaliza na GPA kubwa. Kisha anataka kwenda kusoma udaktari. Anaambiwa mlango wa diploma kwenda digrii ya udaktari unataka wastani wa 3.0 na pia D za form four kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F aliyoidharau akiwa na miaka 17 inamkuta akiwa na 23. Kama una F ya Hesabu na ndoto yako ni udaktari, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie mapema, hata ukiwa chuoni. Usisubiri.

Zamani njia haikuwa ngumu hivyo. Tabibu akishafanya kazi miaka kadhaa alikuwa anarudi shule kusomea udaktari msaidizi, anatoka akiwa anaweza kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua kwenye hospitali ya wilaya. Watu wa kada hiyo walibeba upasuaji wa nchi hii vijijini kwa miongo. Miaka ya karibuni Serikali ikaisitisha kozi hiyo. Sababu ilikuwa ya maana, kwamba madaktari wa digrii wanaongezeka. Ila tabibu wa Ngarenanyuki alikuwa na ngazi ya kupandia, na sasa ngazi imeondolewa na hakuna aliyemletea nyingine. Akitaka kupanda inabidi aanze mwaka wa kwanza chuo kikuu, miaka mitano na mwaka wa mazoezi juu yake. Mwenye mke na watoto wawili atafanyaje hilo? Atabaki pale pale, au ataacha.

Na pesa? Chuo binafsi ada inazidi milioni moja kwa mwaka, hujaweka chumba, chakula, vifaa na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Kwa familia nyingi za Meru hiyo ni ng'ombe, ni kahawa ya msimu, ni kipande cha kihamba. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilifungua dirisha kwa wanafunzi wa diploma wa kada za kipaumbele. Tulishangilia. Halafu tukasoma orodha. Upande wa afya kulikuwa na tiba ya meno, fiziotherapia, optometria, viungo bandia na kada nyingine chache. Utabibu wa kawaida, ule wa zahanati, haukuwemo. Orodha inaweza kubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe. Lakini ule uamuzi wa kwanza unakuonyesha zahanati inakaa wapi kwenye fikra za wakubwa.

Sasa tuje kwenye ajira, maana hapo ndipo penye kidonda.

Watetezi wa Serikali watatuambia ajira zinatolewa. Ni kweli, na hatutaficha. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za afya. Mwaka 2023 zikatangazwa 8,070. Waliopata tunawapongeza, wengine ni ndugu zetu na wanafanya kazi nzuri. Lakini chukua kalamu. Nchi ina halmashauri 184. Gawanya 8,070 kwa 184, unapata kama watumishi 44 kwa halmashauri, na hao ni wa kada zote: madaktari, manesi, watu wa maabara, wafamasia, matabibu, wote. Kituo kimoja tu kipya cha afya kinataka 39. Kwa maneno mengine, ajira za mwaka mzima zinafungua kituo kimoja kwa halmashauri na kubakiza watu watano wa kugawana zahanati zote zilizobaki.

Bado. Kumbuka tozo za miamala za 2021, zile zilizokukata ukimtumia mama elfu ishirini. Tuliambiwa zimejenga vituo vya afya 234. Sawa, majengo yapo, tumeyaona, mengine ni mazuri kweli. 234 mara 39 ni 9,126. Ajira zote za afya za 2023, nchi nzima, zisingetosha kujaza vituo vya tozo peke yake kwa kiwango cha chini. Na hapo hatujagusa hospitali za wilaya, wala majengo ya dharura yaliyojengwa kwa ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, wala zahanati zilizoanzishwa na nguvu za wananchi chini ya mpango wa MMAM wa 2007 uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi walibeba mawe na mchanga. Walitoa michango. Walimaliza upande wao.

Hii tabia ya kupenda jengo kuliko mtu si ya chama kimoja, na tuseme ukweli hapa nyumbani. Oktoba 2016 pale Burka, siku ya jiwe la msingi la hospitali ya mama na mtoto, mkuu wa mkoa wa wakati ule Mrisho Gambo na aliyekuwa mbunge wetu Godbless Lema walitofautiana hadharani juu ya historia ya mradi na nani anastahili kutajwa. Tulikuwa upande wa mbunge wetu na tuko hapo hapo. Ila jiulize, ni lini umesikia viongozi wa nchi hii, wa rangi yoyote ya bendera, wakigombana jukwaani juu ya nani ameleta matabibu wanne kwenye zahanati? Jengo lina utepe wa kukata. Tabibu ana mshahara wa kulipwa kila mwezi mpaka astaafu, na mshahara haupigwi picha.

Kuna mwaka mmoja unaeleza kila kitu: 2017. Mwezi Machi Kenya ilikuja kuomba madaktari 500, na Serikali ikasema chukueni, tunao. Nchi ambayo mpango wake wenyewe wa watumishi wa afya ulikiri kwamba upungufu unazidi nusu ya mahitaji! Madaktari 258 wakapatikana wenye sifa, wako mtaani, wako tayari kwenda. Shauri lilipofunguliwa mahakamani Kenya na safari ikakwama, mwezi wa nne Rais Magufuli akaagiza hao 258 waajiriwe hapa hapa. Waliajiriwa, tena haraka. Kwa hiyo nafasi zilikuwepo. Mwezi huo huo wa nne watumishi 9,932 wakaondolewa kwa vyeti feki, wakiwemo wa afya, na kuna zahanati zilibaki na kufuli. Hatutetei cheti feki hata kidogo, anayekuchoma sindano awe amesoma. Ila ukimuondoa wa cheti feki asubuhi na mwenye cheti halali yuko kijiweni, mchana unatakiwa uwe umemuita.

Kwa vile hawaitwi, wamebuniwa neno: kujitolea.

Tuliseme polepole. Kujitolea kwa mwezi mmoja au mitatu ukisubiri usajili, ukijifunza mikono, hakuna ubaya, hata wazee walifanya. Tunalolipinga ni kijana kuingia zamu za usiku mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila mkataba, bila posho, akila kwa mama yake na nauli ya haisi akipewa na mama yake, huku jina lake likiwa kwenye ratiba ya zamu kama la mwajiriwa yeyote. Mgonjwa hajui tofauti. Anamwita daktari. Siku akikosea atawajibishwa kama mtaalamu, siku ya mshahara anakuwa mgeni. Na akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlinda mfanyakazi mwenye mwajiri. Huyu mwajiri wake ni nani? Kituo kitamwambia alikuja mwenyewe.

Wengine walikuwa wamepata pa kupumulia kwenye miradi, hasa ya Ukimwi na kifua kikuu, kwa mikataba ya mwaka mwaka. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada, na mikataba mingi ikakatika ghafla. Watu walikwenda kazini Jumatatu wakarudi na barua. Hatumlaumu Mmarekani, pesa ni zake. Tunauliza kwa nini anayempa dawa mgonjwa wa kudumu wa Meru ategemee saini ya Washington. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja Aprili 2001, wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Miaka imepita, bajeti zinasomwa kila Juni, na asilimia hiyo tunaisikia kwenye semina tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipita 2023. Vizuri. Kadi ya bima utaipeleka kwa nani kama chumba namba moja kimefungwa?

Pamoja na haya yote, bado tunakwambia kasome, na si kwa kukufariji. Sehemu hii ya nchi inahitaji mtu anayeijua. Ukipanda Ngarenanyuki utakuta watoto wenye meno ya kahawia na wengine miguu imepinda kwa sababu ya floridi iliyozidi kwenye maji yanayotoka kwenye miamba ya mlima huu huu tunaojivunia. Tabibu aliyepangwa kutoka mbali atajifunza hilo kwa miezi. Wewe uliyekulia Maji ya Chai ulilijua kabla ya kujua kusoma. Yeyo akishuka na mtoto mwenye homa isiyoisha, wewe utajua kuuliza kama wanakunywa maziwa mabichi, na utajua kumuuliza bila kumdhalilisha. Kijana aliyerudi Mirerani na kikohozi cha miezi miwili hutamwandikia tena dawa ya kikohozi, utampeleka kupimwa kifua kikuu siku hiyo hiyo.

Ila chagua kwa akili. Mwaka 2022, kati ya zile nafasi 7,612, nafasi 736 za afya zilibaki kwa kukosa waombaji wenye sifa, wakati maelfu ya wenye sifa nyingine walikosa kazi. Kama mkono wako unaweza kwenda tiba ya meno au mionzi, na ufaulu unaruhusu, fikiria huko kabla hujafuata mkumbo. Ukishakuwa tabibu tayari, jiongeze: ultrasaundi, huduma za wagonjwa wa kisukari na presha, chochote kinachokutenganisha na wengine mia kwenye foleni. Usiishie kuchoma sindano kwenye duka la dawa kwa mwanga wa simu. Tunajua njaa, lakini usajili ukifutwa haurudi kirahisi.

Na sisi kama vijana wa chama tunadai nini? Tunadai jengo lisizinduliwe bila orodha ya watumishi wake kusomwa siku hiyo hiyo, mbele ya wananchi. Tunadai anayejitolea zaidi ya miezi mitatu awe na mkataba wa maandishi, posho na kinga ya ajali kazini. Tunadai utabibu uingie kwenye mikopo, na tabibu wa muda mrefu arudishiwe njia ya kupanda. Halmashauri zetu saba za mkoa huu, kuanzia Jiji mpaka Ngorongoro, zina mapato ya ndani, zinaweza kuajiri kwa mkataba zikitaka. Zikisema hela hakuna, tutasoma vitabu vyao vya bajeti ukurasa kwa ukurasa. Hela ya semina tutaiona tu.

Kuna mlango ambao vijana wengi hawaujui: kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na tangu 2017/18 fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ndiyo inayokaa na mpango wa matumizi. Nani yuko kwenye kamati ya zahanati yenu? Alichaguliwa lini? Nafasi ikitangazwa, chukueni fomu, hata kama mwenyekiti wa kijiji atawakunjia uso.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Kila tawi, kuanzia Kijenge mpaka King'ori, lihesabu zahanati yake moja. Tuandikieni jina la zahanati, matabibu wangapi wameajiriwa, wangapi wanajitolea, na siku ngapi kwa wiki chumba cha tabibu kinafunguliwa. Ulizeni kwa adabu, msimpige picha mgonjwa, na majina ya watumishi msiyaandike kabisa, wasije wakahamishwa kwa ajili yetu. Hesabu tutaipeleka kwa kila diwani, awe wa chama chochote, kabla baraza halijakaa kwenye bajeti.